Mishipa Mitatu Upande wa Kushoto

Tumbo langu limewahi kuonwa kwa ndani na wanaume waliokuja kununua nyama. Sisemi kwa mafumbo. Baba yangu mdogo, mwenye bucha hapa Buyenzi, aliitoa picha yangu ya hospitali kwenye bahasha, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, na kila aliyekuwa akisubiri nyama yake akanyoosha shingo. Uti wa mgongo ule ulikuwa wangu, mbavu zangu, nyonga zangu. Mimi nilisimama pembeni, ushungi nimeubana chini ya kidevu, nimejifunika vizuri kwa nje huku ndani niko wazi kama duka la asubuhi. Mpaka leo nikikutana na mmoja wa wanaume wale sokoni, mimi ndiye ninayeangalia chini.

Lakini nimeanzia katikati, kama kawaida yangu. Nianze na kaka yangu.

Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, yeye mkubwa na mimi mdogo. Kazi yake ni bandarini, kuwatolea wafanyabiashara mizigo yao forodhani, saruji na sukari na chumvi inayoshuka kwenye meli za Kigoma. Anajua karatasi gani inaanzia mlango gani na inaishia mezani kwa nani. Ni mtu wa maneno machache na kofia safi. Mimi nauza vitenge, na mdomo wangu hauna breki. Mteja akishika kitambaa kwa mikono yenye mafuta, namwambia palepale. Nilipoachika, kaka hakuniuliza sababu. Alikuja na pikapu, akapakia vitu vyangu bila kumtazama aliyekuwa mume wangu, akanipa chumba uani kwake, basi. Tangu wazazi wetu wafariki, yeye ndiye baba na ndiye mama.

Kisha figo zake zikafa. Ilianza presha ambayo hakutaka kuitibu kwa sababu haikuwa inamuuma popote. Ikaja miguu kuvimba. Mwishowe akaanza kutapika kila akila, tukamkimbiza hospitali, na wakatuambia figo zote mbili zimekwisha. Akaingia kwenye maisha ya kusafishwa damu kwa mashine. Mtu aliyekuwa akishinda juani kati ya maghala na makreni, akawa anarudi nyumbani rangi ya majivu, anaomba kipande cha barafu anyonye, maana hata maji ya kunywa alipimiwa. Nilikuwa nikimwona kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu, akiitazama glasi ya maji ya mwanawe kwa uchu, nikawa nageuza uso.

Kwa hiyo waganga wa hospitali, ndivyo tunavyowaita madaktari, waliposema dawa ya kweli ni figo ya ndugu, mimi nilisema "chukueni yangu" kabla hajaulizwa mtu. Nilisema haraka, kama ninavyosema kila kitu. Nikapimwa damu. Damu ikakubali.

Hapo ndipo tulipokosea, na halikuwa kosa la mtu mmoja, lilikuwa la ukoo mzima. Kwetu damu ndiyo kila kitu. Watu huoana kwa damu, hurithi kwa damu, hugombana kwa damu. Damu ikishakubali, kimebaki nini tena? Muganga alisema bado kuna vipimo, na maneno yake yalipita juu ya vichwa vyetu kama ndege. Ijumaa iliyofuata shangazi zangu wakaitisha dua nyumbani. Pilau ikapikwa, kisomo kikasomwa, ubani ukafukizwa. Baba mdogo akatoa mbuzi. Kiwanja cha Carama alichotuachia baba kikawa kimeshapata mnunuzi, kwa ajili ya safari ya India, ambako tungepasuliwa. Shangazi mkubwa akanikalisha kwenye mkeka, akanipaka hina mikononi kama bibi harusi, akasema anayekwenda kumtolea nduguye kiungo cha mwili aende amependeza.

Na mimi nikasimama nikasema. Hakuna aliyenituma. Nilisema kaka yangu akitaka na moyo auchukue. Wanawake wakalia, wakanishika kichwa mmoja baada ya mwingine wakiniombea. Nilipenda walivyolia. Mdomo uliponza kichwa, na wangu ulifanya hivyo mbele ya mashahidi walioshiba pilau.

Siku chache baada ya dua ile muganga wa figo aliniita peke yangu. Alifunga mlango, akakaa upande wangu wa meza, si upande wake.

"Dada," akasema, "hapa tuko sisi wawili tu. Kama hutaki, ama unaogopa, niambie mimi. Nitawaambia nyumbani kama mishipa yako haifai. Hakuna mutu atajua."

Alisema kwa wema, na baadaye nilijua kwamba humwambia hivyo kila anayekuja kutoa figo, maana wengine huletwa na ukoo kama mbuzi wa kafara. Lakini mimi nilikasirika. Nilimwekea mikono yangu yenye hina juu ya meza.

"Muganga, mi sikuje hapa kutafuta mulango ya kutokea."

Akacheka kidogo, akaniandikia kipimo cha mwisho, kile cha kuangalia mishipa.

Nililazwa kwenye kitanda kinachoingia katika duara kubwa la mashine. Wakanichoma sindano, dawa ikaingia, na joto likanishuka kutoka kooni mpaka mapajani, nikadhani nimejikojolea mbele ya vijana wawili wa mashine. Niliona haya hadi machozi yakanilenga. Niliposhuka niligeuka kukagua shuka kwa siri. Ilikuwa kavu.

Majibu muganga alinipa akiwa ameshayatuma India na kupata jibu la huko. Safari hii alikaa upande wake wa meza. Akageuza karatasi, akachora kwa kalamu. Bomba moja nene linashuka kando ya uti wa mgongo, huo ndio mshipa mkuu. Kutoka hapo kila figo huletewa damu na mshipa wake mmoja. Hiyo ndiyo kawaida. Figo yangu ya kushoto ilikuwa na mitatu. Ya kulia ilikuwa na miwili, mmoja mwembamba unaoingilia chini, na ule mkubwa unagawanyika mapema mno, kabla haujaifikia figo, kwa hiyo hakuna shina la kutosha la kukata na kushona.

"Si munaunganisha ule mukubwa tu?" nikauliza. "Ile midogo muache."

Akatikisa kichwa. Mishipa ya figo, akasema, haikopeshani. Kila mmoja unalisha sehemu yake peke yake. Ukiufunga, sehemu ile inakufa. Na huo mwembamba wa chini, ambao mtu angeudharau, mara nyingi ndio unaolisha mrija unaoshusha mkojo. Halafu kila mshipa wa ziada ni mshono wa ziada, na upande wa kaka yangu presha imeshaichakaza mishipa ya kushonea. Kuna mahali wangejaribu miwili kwa mgonjwa mwenye nguvu. Kwa mwili wa kaka yangu, India walikuwa wamesema hapana, figo zote mbili.

Nilimuuliza nimeipata wapi mishipa hiyo. Akasema nimezaliwa nayo. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake, figo zake huanzia chini kabisa, nyongani, kisha hupanda kidogo kidogo. Kila zinapopanda zinapata mishipa mipya kule juu, na ya zamani inakauka. Zangu zilipanda, lakini ya zamani haikukauka yote. Ni kama mtu aliyehama nyumba bila kukata bomba la maji la kule alikotoka.

"Ni ugonjwa?"

"Apana. Watu wengi wako nayo, wanaishi, wanazeeka, hawajui. We uko muzima kabisa."

"Muzima wa kazi gani sasa?" nikamjibu. Sikuwa na haki ya kumpandishia sauti.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu, kaka yangu alikuwa pale siku hiyo. Wagonjwa wamelala kwa safu, kila mmoja na mirija yake myekundu. Kitanda cha jirani alilala mama mmoja Mkongomani, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mchekeshaji wa chumba kizima. Nikainama nikamwambia kaka kwamba wamekataa figo yangu, mishipa haifai.

Yule mama aliacha kucheka. Akageuza uso ukutani polepole, kama mtu anayempisha mwingine avae nguo. Na kaka yangu akatabasamu.

"Haina neno, mudogo wangu," akasema. "Mi nimekusamehe."

"Unanisamehe nini?"

"Haina neno."

Nilichelewa kuelewa. Mle chumbani kila mgonjwa alijua maneno ambayo muganga huwaambia watoaji mlango ukiwa umefungwa. Huyu aliambiwa ndugu yake ana "mishipa", yule shemeji yake "mishipa", na baadaye mtoaji aliyeshindwa kutunza siri akamwambia mkewe, mke akamwambia dada yake, mpaka neno likafika kitandani. Mle ndani "mishipa haifai" maana yake ilikuwa moja tu: amekataa, tumstahi. Mimi nilikuwa nimeingia nalo kwa sauti, nikalitamka mbele ya safu nzima.

Alipotolewa kwenye mashine nilimkokota kaka mpaka kwa muganga. Nikasema mwambie. Muganga akamwambia yote, akamchorea, akamwonyesha picha. Kaka akasikiliza kwa adabu, akamshukuru, akampa mkono. Nje, tukingojea teksi, nikamuuliza kama sasa ameelewa.

"We mutoto," akasema, "mi nimefanya forodha maisha yangu yote. Mutu akiwa hataki muzigo yako itoke, hasemi 'sitaki'. Anasema karatasi haiko sawa. Anakuonyesha mpaka karatasi yenyewe, na muhuri iko juu."

"Na ile picha? Si umeiona?"

"Nimeona. Jina ni yako. Nimetoa makontena ngapi yenye karatasi za kontena ingine?"

Hakusema kwa hasira. Angalau angenitukana, ningepata pa kuanzia. Alinifungulia mlango wa teksi kama siku zote, akanisogezea kiti mbele ili nisibanwe. Kaka yangu aliamini kwamba nilikuwa nimemwacha afe, na bado alijali nimekaaje.

Nyumbani nilifikiri baba mdogo atanisaidia, maana ni mtu wa kujua viungo. Nilimpelekea bahasha buchani. Hapo ndipo wale wanaume waliponiona mbavu. Aliigeuza picha huku na huku, kisha akairudisha kwenye bahasha, akaingiza mkono kwenye beseni lake, akatoa figo ya mbuzi iliyokuwa bado na mafuta yake. Akayachana mafuta kwa ncha ya kisu, akauvuta mshipa, akauinua watu wauone.

"Hii iko na ngapi?"

"Moja," mteja mmoja akajibu.

Akachukua ya pili, akaichana. "Na hii?"

"Moja."

"Mi nachinja toka niko kijana," baba mdogo akasema, ananitazama mimi. "Mbuzi iko na moja, ng'ombe iko na moja. We hii tatu umetoa wapi, binti yangu? Baba yako alikuwa mutu, mama yako alikuwa mutu."

Wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa ameumia kweli, kwa sababu mbuzi wa dua alikuwa wake. Nilitaka kumwambia kwamba mtu si mbuzi, na kwamba mshipa mwembamba kama uzi hauonekani kwa anayeng'oa figo kwa mkono. Nilikuwa na maneno mengi mazuri. Lakini niliona picha yangu imepata doa la damu pembeni, nikaichukua nikaondoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikujibu kitu.

Avenyu yetu ina watu wema, sitawasingizia. Hakuna aliyenitupia neno. Walinisalimia vizuri kuliko zamani, kwa sauti ya chini, kama unavyomsalimia mtu aliyetoka gerezani. Wanawake walionishika kichwa siku ya dua sasa waliangalia mikono yangu, maana hina ilikuwa bado kwenye kucha, haijaisha. Nikaanza kuvaa glavu za kufulia hata nikipima vitenge, nikawaambia wateja ngozi inaniwasha. Lisemwalo lipo, ndivyo walivyokuwa wakiambizana. Nami nilipokuwa peke yangu nilikuwa najikuta naona aibu ya mtu mwenye kosa, aibu kamili, na vipele vyake shingoni, ingawa nikilitafuta kosa silioni.

Kilichoniuma zaidi ni chakula. Naishi uani kwa kaka, tunakula pamoja. Kila siku alinikatia yeye mwenyewe kipande kizuri cha samaki, akakiweka upande wangu wa sinia. Yeye mwenyewe alikuwa hali humo, chakula chake kilipikwa mbali, bila chumvi. Nilikuwa nakila kipande kile huku sina pa kuangalia.

Ndipo wifi yangu, mke wa kaka, akasema figo atatoa yeye.

Wifi yangu ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Alikuja mjini na mafuta ya mawese ya kuuza, kaka akamtolea mzigo wake bandarini, na mzigo ukaja na mwenyewe. Alisilimu, akazaa, akapika maulidi mangapi, na shangazi zangu bado wakawa wanamwita "yule wa ng'ambo". Damu yake ikakubali. Akaenda kwenye mashine ya mishipa. Kushoto mmoja, kulia mmoja, safi, mrefu. Shangazi zangu wakakosa pa kuziweka nyuso zao. Damu nzito kuliko maji, tunasema, na sasa damu ilikuwa imekimbia na maji yamesimama.

Alipotoka kwenye kipimo alikuja chumbani kwangu kabla hajavua viatu.

"Ile dawa ya moto," akasema, "na wewe ulizani umejikojolea?"

"Niliangalia mpaka shuka."

"Na miye!"

Tukacheka mpaka tukaegemeana. Nilikuwa sijacheka muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba muganga alimtenga naye, akamwambia yale maneno ya mlango wa kutokea.

"Njo nikaelewa," akasema. "Mutu mwenye anataka kukimbia, anakimbilia palepale. Haendi tena kuingia mu ile mashine. Wewe uliingia. Mi nakuamini, wifi."

Nililia kifuani kwake kama mtoto. Mtu mmoja duniani aliniamini, na ndiye aliyekuwa anakwenda kupasuliwa mahali pangu.

Tiketi zikaandaliwa, viza zikatoka, na kaka yangu akakataa kwenda.

Hakusema haendi. Alisema bado hajaweka mambo yake sawa. Kwetu mtu akienda safari ndefu, au akienda kulala chini ya kisu, huomba radhi kwanza. Anawazungukia watu wake mmoja mmoja, nisamehe nami nimekusamehe, ili lolote likitokea asiwe na deni moyoni. Kaka yangu alikuwa ameomba radhi kwa kila mtu, hadi kwa walinzi wa bandari. Nilikuwa nimebaki mimi. Na mimi, alimwambia mkewe, hawezi kunisamehe sawasawa kwa sababu sijaomba. Nilikuwa namwangalia machoni na kumwambia mishipa. Hawezi kufa huku dada yake wa tumbo moja anamdanganya, na hawezi kuchukua figo ya mtu mwingine akiwa na jambo hilo kifuani. Heri abaki na mashine yake.

Mashine ilikuwa haimtoshi tena. Alikuwa hawezi kulala chali, maji yalimpanda kifuani, na alipokuwa akizungumza alipumzika katikati ya maneno. Muganga alisema wasichelewe.

Wifi alikuja nikiwa naanika nguo. Alishika ncha ya pili ya shuka, tukaikamua pamoja.

"Mwambie kama uliogopa," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Kama uliogopa, ukakataa. Ni neno moja tu, wifi."

Nikaachia shuka. Nilimwambia mambo mabaya, sitayaandika yote. Nilimwambia yeye ni nani wa kunifundisha kudanganya mbele ya ukoo wangu. Nilimwambia ameshachukua nafasi yangu hospitali, sasa anataka na jina langu. Alingoja nimalize, ameishikilia shuka isiguse vumbi.

"We unajua ukweli!" nikasema.

"Najua. Na Mungu anajua. Ila mwenye iko anakufa ni yeye."

Jumapili baada ya Adhuhuri tulikusanyika sebuleni. Kaka alikaa kwenye kiti na mto mgongoni, sisi wengine mkekani: shangazi zangu, baba mdogo katika kanzu yake ya Ijumaa, wifi karibu na mlango wa jikoni. Kaka akaomba tena radhi kwa wote kwa pamoja, sauti yake ikikatika. Wakajibu. Kisha akanigeukia. Alikuwa ananingoja, na katika macho yake sikuona hasira hata chembe, niliona tu kwamba amechoka kunisubiri.

"Kaka," nikasema, "niliogopa."

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Nilifikiri neno moja litatosha, kama wifi alivyosema, halafu nitainama na aibu yangu ya bure. Lakini mdomo wangu haujawahi kuishia pale nilipoupangia.

Nikasema niliogopa kisu. Nikasema niliogopa usingizi wa dawa, nilale nisiamke, nizikwe India mahali ambapo hakuna atakayekuja na udi wala maji ya waridi. Nikasema siku ya dua, watu walipoondoka, niliingia chumbani nikajishika ubavu wa kushoto, nikauomba msamaha. Nikasema nilipoona majina yetu mawili kwenye fomu za India niliyachukia. Nikasema muganga alipotamka kwamba mishipa haifai, nilisema alhamdulillahi moyoni kabla sijakukumbuka wewe.

Shangazi mkubwa alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Kwa hiyo nilimwomba muganga aseme ni mishipa," nikamalizia. "Nisamehe, kaka."

Akanivuta mkono, akauweka kifuani pake, pale palipokuwa pakipanda na kushuka kwa shida.

"Nilijua," akasema. "Nilijua, mudogo wangu. Nani hawezi kuogopa? Mi nimekusamehe, dunia na akhera."

Baba mdogo akaitikia amina. Shangazi wakalia, wakaja kunishika kichwa mmoja baada ya mwingine, kilio kilekile cha siku ya dua. Wote waliniamini palepale. Hakuna aliyeuliza swali. Wifi alikuwa ameshaingia jikoni.

Walisafiri wiki ile. Walirudi wawili wakiwa hai. Sasa kaka yangu anakunywa maji glasi nzima mbele yangu, anafuta mdomo kwa kiganja, anarudi bandarini kugombana na watu wa forodha. Wifi ana kovu ubavuni, na shangazi zangu siku hizi wakimpitia hubisha hodi kwa jina la mwanawe, kwa heshima. Na mimi kaka hunisifu. Akiwa na wageni, mazungumzo yakifika kwenye ugonjwa wake, hunionyesha kwa kidevu na kusema dada yake ni mtu mkweli, maana kusema "niliogopa" mbele ya ukoo si kazi ndogo. Wageni hunitazama. Mimi huinuka kuleta chai.

Sasa ni mzima, na nimewaza mara nyingi kumwambia. Muganga yupo, atathibitisha. Presha haitampanda, au itapanda kidogo tu ishuke. Naweza kumfuata jioni akiwa ametoka kuswali, nikamwambia kaka, siku ile sebuleni nilikudanganya ili uende. Nalijua jambo litakalofuata, maana yeye ni mtu wa forodha, lazima afungue mzigo aangalie kilichomo. Ataniuliza nilidanganya nini. Itabidi nimjibu kwamba ni lile neno la mwisho tu, la kumwomba muganga. Mengine yote yalikuwa kweli.